McMillan: Mlowezi aliyeachiwa maktaba ambayo haikuwa ya wote

NI vigumu kwa mtu anayepita katika Barabara ya Banda, katikati ya jiji la Nairobi, kukosa kuliona jengo lililo jirani na Msikiti wa Jamia. Nguzo zake ni nene na ndefu, ngazi zake ni za mawe, na langoni wamewekwa simba wawili wa sanamu wanaomkodolea macho kila anayekaribia. Wengi hulipita jengo hilo kila siku wakidhani ni mahakama au ofisi ya mkubwa fulani serikalini.

Kumbe ni maktaba ya umma. Hii ndiyo Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931. Kwa ukongwe nchini Kenya inatanguliwa na ile ya Seif bin Salim mjini Mombasa pekee, iliyoanzishwa mwaka wa 1903.

Katika miaka ya hivi karibuni pamekuwa na juhudi za kuikarabati maktaba hiyo na matawi yake ili mwananchi wa kawaida ajihisi kuwa yuko nyumbani anapoingia. Lakini mtu hawezi kuelewa ni kwa nini nyumba ya vitabu ifunzwe upya namna ya kukaribisha wageni, bila kwanza kumfahamu mwanamume ambaye jina lake limechongwa pale juu, na enzi alimoishi.

Mwana wa tajiri

William Northrup McMillan alizaliwa mwaka wa 1872 mjini St. Louis, katika jimbo la Missouri nchini Marekani. Babake, aliyekuwa mzaliwa wa Kanada, alijipatia utajiri mkubwa kwa kuunda mabehewa ya reli wakati ambapo Marekani ilikuwa ikitandaza reli kila pembe. Baada ya mzee huyo kufariki, mkewe, Bi Eliza McMillan, alitoa fedha za kujenga bweni la wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Washington mjini humo, nalo likabeba jina la familia. Desturi hiyo ya mjane kumjengea marehemu jumba la elimu ingekuja kurudiwa Nairobi miaka mingi baadaye.

Kijana McMillan hakuwa na haja ya kutafuta riziki. Mwaka wa 1894 alimwoa Bi Lucie Fairbanks Webber, na baadaye wakahamia Uingereza, ambako waliishi maisha ya kitajiri. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa katika safari na uwindaji.

Mwaka wa 1903 aligharimia msafara uliokusudia kuuteremka mto Nile ya Buluu kwa mashua kutoka Ethiopia hadi Sudan, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu yeyote. Msafara huo uliambulia patupu. Mashua zilipondwapondwa na maporomoko siku chache tu baada ya kuanza safari, na wasafiri wakalazimika kurudi nyuma.

Ni baada ya kushindwa huko ndipo alipoelekeza macho yake Afrika Mashariki.

Bwana wa Juja

McMillan aliwasili katika nchi ambayo leo ni Kenya wakati serikali ya Uingereza ilipokuwa ikiwatafuta walowezi kwa udi na uvumba. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwa Victoria mwaka wa 1901, na gharama yake ilikuwa kubwa. Wakoloni waliamini kwamba njia ya kuzirejesha fedha hizo ilikuwa kuwagawia wazungu mashamba makubwa kando ya reli, walime na kusafirisha mazao.

Kwa mtu mwenye fedha kama McMillan, milango ilikuwa wazi. Alijipatia maelfu ya ekari katika eneo la Juja na kuuzunguka mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wengine huuita Kilimambogo. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wakikuyu, Wakamba na Wamaasai walikuwa wakiitumia kwa kilimo, malisho na uwindaji tangu zamani. Lakini kwa mujibu wa sheria za wakati huo, ardhi ilikuwa mali ya mfalme wa Uingereza, naye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumpa amtakaye.

Hata jina la Juja lina masimulizi yake. Inasimuliwa kwamba McMillan alikuja na sanamu mbili kutoka Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju na nyingine Ja, na kwamba aliziunganisha kupata jina la shamba lake. Iwapo kisa hicho ni kweli au ni porojo za walowezi, jina lenyewe lilidumu, na leo ni mji wenye maelfu ya wanafunzi wa chuo kikuu.

McMillan alikuwa pande la mtu. Unene wake ulizungumziwa kote nchini, na hata hivyo ukarimu wake mezani ulizungumziwa zaidi. Mwaka wa 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kung'atuka kama Rais wa Marekani, alifika nchini kwa safari ya uwindaji na akalala Juja akiwa mgeni wake. Mjini Nairobi, McMillan alimiliki pia jumba la Chiromo, mahali ambapo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wageni waliokaribishwa katika nyumba hizo walikuwa wa rangi moja. Mwafrika aliyepita mlangoni alipita akiwa amebeba sinia au kuni. Hilo halikuwa jambo la McMillan peke yake. Ndivyo nchi nzima ilivyopangwa, kuanzia hospitali na shule hadi mabehewa ya treni.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, McMillan alijiunga na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers kilichopigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Jumba la Chiromo lilifanywa mahali pa kuwauguza maafisa wa kizungu, na Bi Lucie akajitolea kwa hali na mali kuwahudumia. Kwa huduma hizo, mumewe alitunukiwa cheo cha Sir, naye mwenyewe akawa anaitwa Lady McMillan.

Waafrika walioburutwa kwenda kubeba mizigo katika vita hivyo hivyo hawakutunukiwa cheo. Maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi. Ukumbusho wao mkubwa jijini ni jina la mtaa wa Kariokor, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao cha wapagazi.

Baada ya vita, Sir Northrup alihudumu katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni. Wakati huo hakukuwa na Mwafrika hata mmoja aliyeketi katika baraza hilo. Wa kwanza, Bw Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka wa 1944.

Sir Northrup McMillan aliaga dunia mwezi wa Machi mwaka wa 1925 akiwa Ulaya. Mwili wake ulirejeshwa nchini, kwani alikuwa ameomba kuzikwa katika kilele cha Ol Donyo Sabuk. Masimulizi ya huko yanaeleza kwamba gari lililobeba jeneza lilishindwa kuupanda mlima, ikabidi kaburi lichimbwe kabla ya kufika kileleni. Mlima huo ulifanywa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1967, na wanaoutembelea wanaweza kuliona kaburi hilo hadi leo.

Zawadi yenye mlinzi mlangoni

Lady McMillan hakuwa na mtoto wa kumrithi mumewe. Aliamua kumjengea ukumbusho ambao ungedumu, naye akachagua maktaba, kwa kuwa marehemu alipenda vitabu. Shirika la Carnegie, lililoanzishwa na tajiri wa Marekani Andrew Carnegie, nalo lilichangia fedha. Mnamo Juni 5, 1931, Gavana Joseph Byrne aliifungua rasmi.

Ilikuwa nyumba ya kupendeza. Ilikuwa na kumbi kubwa, sakafu za mbao na madirisha marefu yanayoingiza mwanga. Baadhi ya samani zilikuwa zimetoka katika nyumba ya mwandishi Karen Blixen, aliyefilisika na kuondoka nchini mwaka huo huo wa 1931. Katika rafu ziliwekwa riwaya, vitabu vya safari na uwindaji, magazeti ya tangu mwanzo wa ukoloni na kumbukumbu za serikali. Mwaka wa 1938 ilitungiwa sheria yake yenyewe, jambo ambalo ni nadra kwa jengo lolote hapa nchini.

Lakini maktaba hiyo ilikuwa ya wazungu pekee. Wahindi wa Nairobi walikuwa na maktaba yao, iliyokuwa katika jumba la kumkumbuka Manilal Ambalal Desai, mwanasiasa na mhariri aliyetetea haki zao. Mwafrika naye, hata kama alikuwa mwalimu au karani aliyeijua lugha ya vitabu hivyo barabara, hakuruhusiwa kuvisoma. Iwapo aliingia, basi aliingia kufagia.

Tusisahau pia kwamba mshahara wa kibarua katika mashamba ya walowezi ulikuwa wa kijungumeko, na kwamba kodi ya kibanda ndiyo iliyowalazimu wengi kuutafuta. Utajiri wa mashamba kama Juja ulitokana na ardhi ya Waafrika na jasho lao. Kwa hivyo, wale waliofungiwa nje hawakuwa wakinyimwa tu zawadi ya mtu mwingine. Walikuwa wamechangia katika kuuzalisha utajiri wa koloni lililoijenga nyumba hiyo.

Ni haki pia kusema kwamba Sir Northrup mwenyewe alikuwa amelala kaburini miaka sita maktaba ilipofunguliwa. Hakuwa na usemi kuhusu nani aingie na nani azuiwe. Lakini jina ni lake, na katika fikira za watu wa Nairobi, jina hilo lilishikamana na mlango uliofungwa.

Mwaka wa 1958

Mambo yalianza kubadilika wakati ambapo ukoloni wenyewe ulikuwa ukiyumba. Mwezi wa Machi mwaka wa 1957, Waafrika waliwachagua wajumbe wao wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka huo huo Lady McMillan alifariki, akazikwa kando ya mumewe mlimani. Karibu nao amezikwa pia Louise Decker, mtumishi aliyeishi na familia hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata wa 1958, viti vya Waafrika katika baraza viliongezwa, na miongoni mwa walioingia alikuwa mwalimu Jeremiah Nyagah kutoka Embu. Ni katika mwaka huo wa 1958 ambapo maktaba ya McMillan, ikiwa sasa chini ya Baraza la Jiji la Nairobi, ilifungua milango kwa watu wa rangi zote.

Ilikuwa hatua kubwa. Vizazi vya wanafunzi waliokuja mjini bila senti ya kununua kitabu vilisomea pale. Wengi waliofaulu katika mitihani yao wanaikumbuka meza fulani, dirisha fulani, na ukimya wa ukumbi ule wakati kelele za matatu zilikuwa nje.

Hata hivyo, kufungua mlango ni jambo moja na kukaribisha ni jambo jingine. Maktaba ilibaki na sura ile ile. Simba walikuwa pale pale. Ngazi za mawe zilikuwa zile zile, na hazikumfikiria mzee mwenye mkongojo wala kijana wa kiti cha magurudumu. Rafu ziliendelea kubeba vitabu vya wawindaji na magavana, huku mtoto aliyetafuta hadithi ya watu wanaofanana na wazazi wake akitafuta sana. Kadiri fedha za mabaraza ya miji zilivyopungua, ndivyo vumbi lilivyoongezeka.

Kuanza upya

Mwaka wa 2017, wanawake wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk. Mwaka wa 2018 waliingia katika mkataba na Serikali ya Kaunti ya Nairobi wa kukarabati maktaba kuu pamoja na matawi yake mawili, ya Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya Eastlands.

Hawakuanza na jumba lenye nguzo. Walianza na matawi, karibu na watu. Uamuzi huo una maana kubwa ukikumbuka kwamba Kaloleni ni mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, wakati ambapo watu hao hao hawangeweza kukanyaga sakafu ya McMillan. Wakazi waliulizwa walichotaka. Kuta zilipakwa rangi upya, watoto wakatengewa nafasi yao, na vitabu vya waandishi wa Kiafrika vikaletwa. Maktaba zikawa pia mahali pa kusimulia hadithi, kutazama filamu na kukutana, badala ya mahali pa kunyamazishwa tu.

Katika maktaba kuu, kazi imekuwa ngumu zaidi. Jengo ni la kihistoria na linalindwa na sheria, kwa hivyo huwezi kulibomoa ukuta kwa kuwa tu ukuta haukupendezi. Kuna magazeti na picha za zaidi ya miaka mia moja zinazohitaji kuorodheshwa na kuhifadhiwa kwa kompyuta kabla hazijaoza. Kuna suala la fedha, na kuna suala la siasa za kaunti, kwani kila uchaguzi huleta viongozi wapya wanaohitaji kushawishiwa upya. Safari hiyo yote ilinaswa katika filamu ya hali halisi ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance nchini Marekani mwaka wa 2025.

Mnamo Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza na Malkia Camilla walipozuru Kenya, walipelekwa kuiona maktaba ya Eastlands. Babu ya babu yake mfalme huyo, Edward wa Saba, ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha enzi McMillan alipojipatia ardhi ya Juja. Safari hii wenyeji waliomkaribisha mfalme walikuwa watoto wa Eastlands, nao walikuwa katika maktaba yao wenyewe.

Funzo kwa kaunti

Jambo hili halihusu Nairobi pekee. Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kwa hivyo swali la nani ana mahali pa kusoma ni swali ambalo kila gavana na kila mwakilishi wa wadi anapaswa kulijibu.

Chukua mfano wa Kiambere, katika eneo la Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu. Bwawa la Kiambere katika mto Tana lilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1988, na nyaya zake zinaufikisha umeme huo hadi Nairobi. Taa zinazowaka katika meza za wasomaji wa jiji huenda zinatokana na maji yanayopita mbele ya nyumba za watu wa Kiambere. Lakini mtoto wa huko anayetaka kuingia katika maktaba ya umma ana safari ndefu ya kupitia Kiritiri hadi mjini Embu, na nauli si jambo dogo katika nchi kavu ambayo mvua huiruka mara kwa mara.

Kwa mtoto huyo, umbali na umaskini hufanya kazi ile ile iliyofanywa na ubaguzi wa rangi kabla ya 1958. Hakuna anayemzuia mlangoni, ila hafiki mlangoni. Na kama angefika, je, angekuta rafu zenye hadithi za Kimbeere na Kiswahili, au vitabu vilivyotolewa na wafadhili wa mbali baada ya kuvichoka?

Dawa ipo, wala si lazima iwe jumba la nguzo. Ukiufuata mto huo huo wa Tana kuelekea mashariki utafika Garissa, ambako mwaka wa 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ilianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Chumba kimoja katika ukumbi wa kijiji, chenye taa, viti na mtu anayependa watoto, kinaweza kufanya kazi ambayo simba wawili wa mawe hawakuweza.

Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa miaka 27, watu wa Nairobi waliitazama nyumba njema kutoka barabarani. Hakuna haja ya kulifuta jina la McMillan wala kuwang'oa simba wake. Wabaki, ili mtoto anayepanda ngazi aulize walikuwa wakimlinda nani dhidi ya nani, na apate kitabu ndani kinachomjibu.

Sir Northrup aliomba kilele cha mlima, akazikwa kabla ya kukifikia. Maktaba yenye jina lake nayo bado haijafika inakokwenda. Itafika siku ambayo msomaji wa Kaloleni, na mwenzake wa Kiambere, hawatalazimika kujiuliza kama wanaruhusiwa kuingia.